Bwawa moja, maswali matano: mpenda historia achague sayansi gani ya AP?

Ujumbe uliingia Jumapili usiku.

"Shikamoo mjomba. Fomu ya kuchagua masomo inarudishwa Ijumaa. Historia ya Marekani nimeshaweka, Kiingereza nimeshaweka. Mshauri wa shule anasema nikikosa hata sayansi moja ya AP orodha yangu itaonekana imeegemea upande mmoja. Sasa ipi ni rahisi?"

Mpwa wangu huyu yuko darasa la kumi katika sekondari ya umma Marekani. Ni mtoto anayelala na kitabu cha historia kifuani, na akiona mlinganyo wenye herufi ya Kigiriki hufunga daftari polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Namwelewa, maana nami nilikuwa hivyo hivyo. Chuoni nilisoma historia, na sasa jioni nafundisha masomo ya ziada kwa wanafunzi wa sekondari, wengi wao watoto wa nyumba zinazoongea Kiswahili. Swali la "ipi rahisi" nimelijibu vipande vipande mara nyingi, kwenye simu au kwenye maegesho ya magari, mzazi akiwa ameshawasha injini. Safari hii nimeamua kulijibu lote.

Kwa asiyezifahamu kozi hizi: AP ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo yanayofundishwa sekondari, chini ya College Board, shirika lile lile la SAT, mtihani wa kuombea chuo. Mtihani hufanyika Mei na alama huanzia 1 hadi 5. Kwa kawaida 3 huhesabiwa kuwa ufaulu, lakini vyuo vyenye ushindani mkubwa huenda vikataka 4 au 5 kabla ya kutoa krediti (yaani kukuhesabia somo hilo kama umeshalisoma chuoni), na vingine havitoi kabisa. Mwaka 2025 ada ya mtihani mmoja ilikuwa dola 99 ndani ya Marekani, kwa hiyo pochi ya mzazi nayo ina neno. (Familia zenye kipato kidogo hupunguziwa. Mwulize mshauri, usione haya.)

"Marahaba," nilimjibu. "Ila hapo kwenye rahisi ndipo watu wanapotegeka."

Tazama mtihani wa mwaka 2023. Katika Kemia, ambayo kila mtu anaiogopa, karibu asilimia 75 ya watahiniwa walipata 3 au zaidi. Katika Sayansi ya Mazingira, inayosemwa kwenye kila korido kuwa ni mteremko, walikuwa karibu asilimia 54. Je, Kemia ni rahisi kuliko Mazingira? Hata kidogo. Wanaoingia Kemia wengi wao wameshachujwa na kemia ya kawaida na hesabu za darasa la kumi, na wanaingia wakijua wanakokwenda. Wanaoingia Mazingira, wengi wameambiwa na kaka zao kwamba pale hapahitaji kusoma. Asilimia hizi zinaeleza waliokaa kwenye viti, hazielezi ugumu wa kozi yenyewe.

Swali la maana ni jingine: Jumanne saa tatu usiku, umeinamia kazi ya nyumbani, mkono wako utakuwa unafanya nini? Unasoma aya ndefu? Unakokotoa? Unajenga hoja? Unachora mishale? Kozi hizi hutofautiana hapo kuliko mahali pengine popote, na mtu wa masomo ya sanaa huweza kuwa hodari wa mambo mawili kati ya hayo bila kujijua.

Bwawa lililogeuka kijani

Nina bwawa ninalolitumia kuwaonyesha wanafunzi tofauti hii. Halipo popote, ni la kufikirika. Maji yake yamegeuka kijani kizito, samaki wanaelea matumbo juu, na shamba la mahindi liko mita mia moja juu ya mteremko. Mpe kila mtungaji wa mtihani bwawa hilo uone atakachouliza.

Wa Sayansi ya Mazingira atauliza: taja chanzo kimoja cha virutubisho vilivyoingia majini, eleza jinsi vilivyosababisha samaki kufa, pendekeza hatua moja ambayo mkulima anaweza kuchukua, kisha taja hasara moja ya hatua hiyo. Hapo hapo atakupa hesabu ndogo ya asilimia.

Wa Baiolojia atakuletea grafu. Oksijeni inashuka siku ya nne, bakteria wanaongezeka siku hiyo hiyo. Bakteria wanaoozesha mwani uliokufa wanapumua, na katika kupumua wanaimaliza oksijeni. Utaambiwa utabiri kitakachotokea mwanga ukizuiwa, na uthibitishe utabiri wako kwa kinachoendelea ndani ya seli.

Wa Kemia hajali samaki. Amechota mililita 50 za maji na anataka kujua fosfeti, kirutubisho cha mbolea, ni moli ngapi kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe).

Wa Fizikia ameona gogo linaelea. Densiti yake ni sehemu sita ya kumi ya ile ya maji. Sehemu gani ya gogo imezama, na ungeonyeshaje kwa mchoro wa kani kwamba jibu lako ni sahihi? (Mambo haya ya vimiminika yalihamishiwa Fizikia 1 kuanzia mwaka wa masomo 2024–25. Anayetumia vitabu vya kaka yake aangalie.)

Na wa Saikolojia amegeuka, ametazama nyumba zinazolizunguka bwawa. Watu wote wameona maji yamebadilika rangi, na hakuna aliyepiga simu. Kwa nini kila mmoja alidhani mwenzake ameshapiga?

Mpwa wangu alipenda maswali matatu: la mkulima, la grafu na la majirani. Wengi wa watu wa sanaa hupenda hayo. Ila kupenda swali na kulijibu ipasavyo ni vitu viwili, tutafika huko.

Miundo ya mitihani ni hii. Ile ya Fizikia na Saikolojia ni mipya, ilianza Mei 2025:

| Kozi | Ya kuchagua jibu | Ya kuandika | Uzito | Waliopata 3+ mwaka 2023 |
|---|---|---|---|---|
| Baiolojia | 60, dakika 90 | 6, dakika 90 | nusu kwa nusu | karibu 64% |
| Mazingira | 80, dakika 90 | 3, dakika 70 | 60 kwa 40 | karibu 54% |
| Fizikia 1 | 40, dakika 80 | 4, dakika 100 | nusu kwa nusu | karibu 46% |
| Kemia | 60, dakika 90 | 7, dakika 105 | nusu kwa nusu | karibu 75% |
| Saikolojia | 75, dakika 90 | 2, dakika 70 | theluthi mbili kwa theluthi moja | karibu 60% |

Gawanya dakika kwa maswali. Mazingira inakupa dakika moja na sekunde chache kwa kila swali la kuchagua. Baiolojia dakika moja na nusu, lakini maswali yake yana aya ndefu na majedwali. Fizikia inakupa dakika mbili kamili. Kwa mwanafunzi aliyehamia Marekani miaka miwili iliyopita, ambaye bado anasoma Kiingereza kwa kurudia sentensi, hilo si jambo dogo. Nimewahi kuwa na mwanafunzi mwenye akili kali ambaye Mazingira ilimshinda kwa mwendo tu: alifika swali la sitini muda ukaisha. Fizikia, yenye maneno machache na michoro mingi, ingemfaa zaidi, na mimi ndiye niliyemshauri vibaya.

Jambo jingine dogo: tangu Mei 2025, Mazingira na Saikolojia hufanywa zote kwenye kompyuta, hata maswali ya kuandika unayachapa. Baiolojia, Kemia na Fizikia unachagua majibu kwenye skrini lakini unaandika kwa mkono kwenye kijitabu. Mwenye mwandiko wa daktari ajipime.

Baiolojia na Mazingira, ana kwa ana

Kwa mtu wa sanaa, mashindano ya kweli mara nyingi ni kati ya hizi mbili, na maoni yangu nayatoa mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: kama ratiba yako ina nafasi, chukua Baiolojia. Mazingira ni chaguo zuri la pili, na kwa watu fulani ni la kwanza.

Sababu ya kwanza ni kwamba Baiolojia ya AP si ile ya kukariri unayoifikiria. Kozi ilifumuliwa na kushonwa upya mwaka wa masomo 2012–13, mambo mengi ya kukariri yakaondolewa. Anayetarajia kutaja mifupa na mishipa amekosea mlango. Kuna sura nane: kemia ya uhai, muundo wa seli, nishati, mawasiliano ya seli, urithi, jinsi jeni zinavyosomwa na kutumika, uteuzi asilia, na ikolojia. Hizi hufuatana kama hadithi, kutoka molekuli hadi msitu, na mtu aliyezoea kuuliza "hili lilisababishwa na nini, na likasababisha nini" anajikuta nyumbani.

Wazazi kadhaa wameniuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu ile sura ya uteuzi asilia. Ipo, na ina uzito kati ya asilimia 13 na 20 za maswali ya kuchagua, kwa hiyo hairukiki. Mtihani unataka mtoto aeleze wanasayansi wanasema nini na kwa ushahidi gani. Imani yake haimo kwenye karatasi ya maswali.

Sababu ya pili ndiyo ninayoipenda. Katika Historia ya Marekani unapewa nyaraka saba na unaambiwa ujenge hoja. Katika Baiolojia unapewa jedwali na grafu na unaambiwa jambo lile lile: toa dai, lete ushahidi, unganisha viwili hivyo kwa sababu. Grafu ni waraka. Ina aliyeitengeneza, ina kilichopimwa na kisichopimwa, na inaweza kukudanganya usiposoma maandishi ya pembeni mwake.

Lakini hapo ndipo mtu wa sanaa anapoanguka. Nitaonyesha. Swali lilikuwa la mfano huu: badiliko kwenye jeni limebadilisha asidi amino moja, pale pale kimeng'enya, protini inayoharakisha mmenyuko, kinapoishikia dutu yake. Tabiri kitakachotokea kwa kasi ya mmenyuko, kisha thibitisha.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti anayeandika insha za kupendeza, alianza hivi: "Vimeng'enya ni muhimu sana kwa uhai wa viumbe vyote. Bila vimeng'enya, maisha kama tunavyoyajua yasingewezekana. Kwa karne nyingi binadamu wamejiuliza…" Mistari minane. Msahihishaji wa AP ana orodha ya pointi, na hakuna pointi ya karne nyingi. Alama: sifuri.

Jibu linalopata alama zote ni hili: "Kasi itapungua. Asidi amino mpya ina tabia tofauti ya kikemia, hivyo umbo la mahali pale linabadilika na dutu haishiki tena sawasawa." Sentensi mbili. Ni aya ya historia iliyonyolewa kipara. Binti yule ilimchukua mwezi mzima kuzoea kunyoa, kisha akawa bora kuliko wenzake wa hesabu, kwa kuwa wao walikuwa hawajui kuunganisha "kwa sababu" na "hivyo".

Hesabu zipo, tusidanganyane. Kuna jaribio la kai-mraba, ambalo linapima kama tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata ni ya bahati tu. Unajumlisha, unalinganisha na namba kwenye jedwali unalopewa, kwa mfano 3.84, na ukiivuka unalikataa dai kwamba ni bahati. Kuna pia mistari ya makosa juu ya nguzo za grafu, inayoonyesha kipimo kinaweza kukosea kwa kiasi gani: ikiingiliana, huna ruhusa ya kusema kundi moja limelishinda jingine. Hiyo ndiyo hesabu nzito kuliko zote humo. Mtu aliyefaulu aljebra ya kawaida ataimudu.

Mazingira nayo ina mvuto wake, na kwa anayependa siasa na sheria ni kama imeandikwa kwa ajili yake. Humo utakutana na Sheria ya Hewa Safi iliyotiwa nguvu mwaka 1970, Sheria ya Maji Safi ya 1972, ile ya viumbe walio hatarini kutoweka ya 1973, na Itifaki ya Montreal ya 1987 iliyozuia kemikali zilizokuwa zinakula tabaka la ozoni. Utasoma kwa nini malisho ya wote huharibiwa na wote. Hakuna sayansi nyingine ya AP inayokuuliza suluhisho lina gharama gani na nani atalipa.

Udhaifu wake ni upana. Kuna sura tisa, na unagusa udongo, hewa, bahari, nishati, madini, takataka, idadi ya watu, tabianchi, bila kuzama popote. Wanaofeli mara nyingi hufeli kwa kujibu kwa ujumla. Ukiandika "watu wapunguze uchafuzi" hupati kitu. Ukiandika "mkulima apande ukanda wa nyasi kati ya shamba na bwawa ili mizizi inase nitrati kabla haijafika majini" unapata. Na kwenye "hasara moja" andika hasara yenyewe: ardhi ya kulima inapungua. Neno "gharama" peke yake, bila kueleza ya nini, halikufikishi mbali.

Hesabu zake ni za uwiano na asilimia. Idadi ya watu ikiongezeka kwa asilimia 2 kila mwaka, itachukua miaka mingapi kuwa maradufu? Gawanya 70 kwa 2: miaka 35. Tangu mwaka 2020 kikokotoo kinaruhusiwa. Kabla ya hapo ilikuwa kalamu na kichwa, na nadhani sifa mbaya ya hesabu za kozi hii imetokana na enzi hizo.

Kuna suala la heshima pia. Washauri wengi watakuambia kwamba maofisa wa udahili katika vyuo vyenye ushindani mkubwa huiona Baiolojia kuwa nzito kuliko Mazingira. Sidhani mtu aliyeomba kusoma historia au fasihi atakataliwa kwa sababu ya tofauti hiyo. Tatizo la kweli ni kama shule yako inaihesabu Mazingira kuwa sayansi ya maabara. Nyingi zinaihesabu. Uliza ya kwako.

Fizikia 1 kwa mtu wa mantiki

Ukiacha hizo mbili, kozi ninayoitetea mara nyingi bila kusikilizwa ni Fizikia 1. Hii haihitaji kalkulasi, zile hesabu za juu za mabadiliko. Ilianzishwa mwaka wa masomo 2014–15, pamoja na Fizikia 2, kuchukua nafasi ya kozi iliyoitwa Fizikia B, na walioitengeneza walikusudia maelezo zaidi na uchomekaji wa namba kidogo. (Fizikia C ndiyo ya kalkulasi. Kama unasoma makala haya kwa ajili yako mwenyewe, huenda si yako.)

Mfano. Masanduku mawili yanateleza kwenye mteremko laini usio na msuguano, moja lina masi maradufu ya jingine. Mwanafunzi fulani anadai lile zito litafika kwanza. Unaulizwa: bila kutumia milinganyo, eleza kwa nini amekosea. Kisha: onyesha hilo hilo kwa mlinganyo. Kisha: eleza jinsi mlinganyo wako unavyoafikiana na maelezo yako.

Jibu la maneno: sanduku zito linavutwa na dunia mara mbili zaidi, lakini pia ni gumu mara mbili zaidi kulisukuma, hivyo viwili hivyo vinafutana. Kwenye mlinganyo, masi inatokea pande zote mbili na inakatwa, mchapuko unabaki kutegemea mwinamo wa mteremko tu. Kwa mtu anayependa falsafa, au mdahalo, au anayefurahia kumkamata mwenzake kwenye kosa la hoja, swali kama hili ni karamu.

Bei yake ni aljebra. Ukishindwa kubeba herufi tano mpaka mwisho wa ukurasa bila kuzibadilisha kuwa namba, utateseka, na ile asilimia 46 kwenye jedwali inakuambia walioteseka walikuwa wengi. Jipime kwa hili: kama kwenye jiometria ulipenda uthibitisho kuliko ukokotoaji, ijaribu. Kama jiometria yote ilikuwa adhabu, pita.

Kemia

Kwa Kemia sitamung'unya maneno: mtu wa sanaa asiichukue kwa ajili ya kupamba orodha. Ni kozi nzuri sana, tena ina historia ya kusisimua kuliko zote. Mkemia Mjerumani Fritz Haber aligundua namna ya kutengeneza amonia kutoka hewani, mbolea ikawalisha mamilioni. Mwaka 1915 mtu huyo huyo alisimamia gesi ya klorini kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na akapewa Nobel ya mwaka 1918. Ila mtihani hautakuuliza habari za Haber na dhamiri yake. Utakuuliza shinikizo likiongezwa usawa wa mmenyuko utaelemea wapi, na jibu ni upande wa amonia, kwa kuwa moli nne za gesi zinakuwa mbili.

Na mambo yake yamepangwa kama matofali. Una moli 3 za hidrojeni na moli 2 za oksijeni: ipi itaisha kwanza, na maji yatakuwa moli ngapi? Hidrojeni itaisha, maji yatakuwa moli 3, oksijeni nusu moli itabaki. Kama hesabu hiyo haikukaa kichwani ulipokuwa kwenye kemia ya kawaida, kila sura itakayofuata itakuja na deni lake. Katika Mazingira ukilala wiki ya nishati unaamka wiki ya udongo. Kemia haina huruma hiyo.

Anayepaswa kuichukua ni yule anayependa historia lakini bado anawaza udaktari au ufamasia. Huyo asikwepe.

Saikolojia, yenye mtego mmoja

Watu wa sanaa huipenda Saikolojia, na wana haki. Maswali yake mawili ya kuandika ya sasa ni kazi zao kabisa: moja unachambua muhtasari wa utafiti, jingine unajenga hoja kutokana na vyanzo vitatu. Mtego ni kwamba College Board yenyewe inaiweka kundi moja na historia na masomo ya jamii, na shule nyingi haziihesabu kuwa sayansi ya maabara. Ukiichukua kujibu lawama ya "orodha imeegemea upande mmoja", umeongeza uzito upande ule ule. Ichukue kama nyongeza, kwa raha zako.

Ratiba ikishajaa

Kuna mwaka ambao ushauri wangu wa Baiolojia naufuta. Mwanafunzi mwenye Historia, Kiingereza na lugha ya kigeni, zote za AP, zote mtihani Mei ndani ya wiki mbili zile zile, pamoja na kazi ya jioni au wadogo wa kulea, achukue Mazingira na asijieleze kwa mtu. Baiolojia hutaka karibu robo ya muda wa darasa kwenye maabara, ripoti zinaandikwa nyumbani, na ripoti ya maabara haikubali kuandikwa usiku mmoja kama insha. Mazingira nayo inataka robo hiyo hiyo, ila kwa uzoefu wangu ripoti zake hazili usiku kiasi hicho.

Na anayeweza kusubiri, asubiri. Baiolojia inapendekezwa baada ya kumaliza baiolojia na kemia za kawaida. Fizikia 1 inataka jiometria iwe imekwisha na aljebra ya pili angalau inaendelea. Darasa la kumi na mbili mara nyingi ni bora kuliko la kumi na moja kwa mtu asiye na haraka, ingawa alama za mtihani wa mwaka huo hutoka baada ya vyuo kuwa vimeshaamua.

Mpwa wangu nilimpa kazi moja kabla ya Ijumaa. College Board huweka bure mtandaoni maswali ya kuandika ya miaka iliyopita, pamoja na mwongozo wa kusahihisha na majibu halisi ya wanafunzi. Chagua swali moja refu la kila kozi isipokuwa Saikolojia, nikamwambia, weka saa dakika ishirini na tano, andika, kisha jisahihishe bila kujihurumia. Usiangalie alama tu. Angalia ulipochoka.

Alhamisi usiku akanitumia picha nne. Kemia aliachia kipengele cha pili, chini yake amechora paka. Fizikia mishale ya kani ilikuwa sahihi yote, aljebra ikapotea njiani. Mazingira alijipa 6 kati ya 10 na akaandika pembeni, "nilikuwa nafikiria chakula". Baiolojia ukurasa mmoja na nusu, 5 kati ya 9, na sentensi kumi na moja amezikata mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

"Mjomba," akaandika, "hii ya mwisho imeniuma. Nataka kujua alama nne zimekwenda wapi."

Fomu ilirudi Ijumaa na Baiolojia. Jumapili anakuja kwangu na daftari jipya, na mimi nimeitoa kabatini ile mifuko miwili ya maharagwe, mekundu na meupe, ya kumfundishia kai-mraba.